Jiko la kuchomea nyama uani kwa fedha kidogo: pipa, matofali au la dukani?

*"Nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba na ninataka mwisho wa wiki tuwe tunachoma nyama huko na familia. Fedha niliyo nayo ni ndogo. Jirani amenipa bure pipa la chuma la lita 200 ambalo bado linanuka kitu kama dawa ya kusafishia rangi. Anasema nilikate katikati, nilitie miguu, basi. Kwa wavu nimebakiza rafu mbili za friji iliyokufa. Dukani nimeona jiko dogo la bati jembamba ambalo ningelimudu, lakini mara ya mwisho nilipoazima la namna hiyo kuku aliungua nje huku kwenye mfupa ana damu, na nyama yote ilinuka mafuta ya taa. Niliambiwa majiko ya bei rahisi ndivyo yalivyo. Je, nisubiri hadi nipate fedha ya jiko zuri, au pipa hili linatosha? Na mvua ikinyesha, naweza kulisogeza barazani?"*

Ndugu msomaji, usisubiri. Fedha hiyo inatosha. Ila pipa hilo mrudishie jirani kwa shukrani, rafu za friji usizikaribishe kwenye chakula, na barazani usisogeze jiko hata mvua inyeshe vipi. Nitaeleza moja baada ya jingine, maana swali lako limebeba mambo matatu yanayoweza kumuumiza mtu na moja la ladha tu, na naona la ladha ndilo linalokusumbua zaidi. Basi tuanze nalo.

Umeambiwa kuku aliungua nje akabaki mbichi ndani kwa sababu jiko lilikuwa la bei rahisi. Sivyo. Mimi ni fundi wa kulehemu, na majiko ya kuchomea nimeyatengeneza kwa miaka mingi, ya mapipa na ya bati zito. Nimeona jiko la gharama likiunguza, na nimeona matofali machache yaliyopangwa chini yakichoma nyama ikaiva hadi mfupani. Mkaa hauulizi bei ya chuma ulichowekwa ndani yake. Unachotaka ni hewa ya kutosha kutoka chini, na chakula kinataka umbali unaofaa kutoka kwenye makaa. Ukivipata hivyo viwili umeshapata jiko. Kinachobaki ni uimara na sura.

Kuni ikiwaka hutoa moshi na ndimi za moto kwa sababu ndani yake mna maji na gesi zinazotolewa na joto. Mkaa ni kuni iliyokwisha kupitia joto hilo bila hewa ya kutosha, gesi zikaondoka, ikabaki kaboni kwa sehemu kubwa na majivu kidogo. Ndiyo maana mkaa ulioshika vizuri hauna moshi mwingi wala ndimi ndefu. Oksijeni inakutana na kaboni juu ya uso wa kipande chenyewe, kipande kinakuwa chekundu, na joto lake linatoka kwa mnururisho, kama joto la jua linavyokupiga usoni hata siku yenye upepo wa baridi. Nyama iliyo juu ya makaa inaivishwa zaidi na mnururisho huo kuliko na hewa moto inayopanda.

Sasa angalia hewa inatoka wapi. Kwa kuwa hewa moto hupanda, hewa mpya lazima iingie kutoka chini. Mkaa ukiulaza moja kwa moja kwenye sakafu ya jiko, dakika 20 za kwanza utawaka vizuri tu, halafu majivu yatajaa na kuufunika. Niliwahi kuitwa nyumba moja kuangalia jiko la nusu pipa ambalo mwenyewe alisema "linakufa" kila mara kabla nyama haijaiva. Alikuwa amekwisha kubadilisha mkaa mara tatu. Nilichukua kipande cha nondo nikachokonoa chini: majivu laini kama unga yamefukia makaa hadi nusu, juu meusi, chini mekundu kidogo yanayokata roho. Nikayasogeza makaa pembeni kwa koleo, nikaweka matofali mawili chini, juu ya matofali nikalaza wavu mzito wa chuma, nikayarudisha makaa yale yale. Hatukupepea. Yalianza kunong'ona, kile kisauti cha mkaa unaovuta hewa, na kabla hatujamaliza kunawa mikono yalikuwa mekundu yote. Mkaa ulikuwa mzuri tangu mwanzo, ila jiko halikuwa na wavu wa chini.

Kwa hiyo jiko lolote utakalolipata, sharti la kwanza ni nyavu mbili: wa chini wa kubeba mkaa, na wa juu wa kubeba chakula. Chini ya ule wa kwanza pawe na nafasi ya majivu ya sentimita 8 hadi 10, na matundu ya hewa yafunguke upande huo wa chini. Matundu yakiwa na kifuniko cha kusogeza, hata kipande cha bati jeusi kilichoshikwa na bolti moja, unaweza kupunguza moto bila kugusa mkaa.

Kuhusu kupepea, hapa ndipo kuku wako alipoharibika, naamini. Nguvu ya mnururisho haipandi sambamba na joto la makaa, inaruka. Makaa yaliyo kwenye nyuzi 600 ukiyapepea hadi nyuzi 800 za Selsiasi, mnururisho wake unazidi mara mbili. Jicho lako linaona wekundu umeongezeka kidogo, ngozi ya kuku inapokea mara mbili. Wakati huohuo joto ndani ya nyama linasafiri kwa kasi yake ile ile ya polepole, kutoka nje kwenda mfupani, na hakuna kupepea kunakoliharakisha. Nje kunakuwa kweusi, ndani hakujapata habari.

Dawa yake ni umbali na pande mbili. Kutoka juu ya makaa hadi wavu wa chakula acha sentimita 10 hadi 15. Majiko mengi madogo ya bati jembamba yana sentimita 5 au 6 tu, na hiyo ndiyo kasoro yao kubwa kuliko wembamba wa bati. Kisha makaa usiyatandaze jiko zima. Yasukume upande mmoja, upande wa pili uache mtupu. Kuku, au kipande chochote kinene chenye mfupa, kianze upande usio na makaa kikiwa kimefunikwa, hata na sufuria iliyopinduliwa, kiive taratibu, ndipo umalizie kwa dakika chache juu ya makaa kipate rangi. Vipande vyembamba vinaweza kwenda moja kwa moja juu ya makaa. Na mafuta yakidondoka ndimi zikalipuka, una mahali pa kukimbizia nyama badala ya kuimwagia maji. Zile ndimi za mafuta zinaacha masizi juu ya nyama, machungu na yasiyo na heri kwa afya, kwa hiyo usizichekelee kana kwamba ndiyo ladha ya moshi.

Kujua makaa yamefika, subiri yafunikwe na majivu ya kijivu, yakiwa mekundu ndani. Nyosha kiganja sentimita kama 10 juu ya wavu, uhesabu sekunde kwa utulivu. Ukishindwa kuvumilia baada ya 2 au 3, moto ni mkali. 4 au 5 ni wa wastani, unaofaa vitu vingi. Ukifika 7 au 8 ni mpole, wa vipande vinene. Kipimo hiki ni cha bure na mimi hukitumia hadi leo.

Twende kwenye pipa. Nakuomba uisome aya hii mara mbili. Pipa lililobeba petroli, dawa ya kuyeyushia rangi au kimiminika chochote kinachoshika moto halikatwi na mtu wa kawaida uani. Likionekana tupu, kwenye mishono na chini ya ukingo huwa mmebaki mabaki, na mvuke wake umejaa pipa zima. Grinda inatoa cheche, tochi ya gesi inatoa moto, na mvuke uliochanganyika na hewa ndani ya chombo kilichofungwa hulipuka kama bomu. Mafundi wamekufa hivyo. Kuliosha kwa sabuni hakukupi uhakika, kwa sababu joto la kukata linaweza kuyafanya mabaki yaliyoganda yatoe mvuke mpya. Kama linanuka, limekwisha kujitaja. Hata kama lingekatwa salama, hujui kilichozama kwenye rangi ya ndani kitatoa nini juu ya chakula chako kila ukiwasha.

Pipa linalofaa ni lile unalojua historia yake, lililobeba chakula: mafuta ya kula, asali, maji ya matunda. Hata hilo mara nyingi limepakwa utando wa ndani, wa rangi ya kahawia au nyekundu, unaozuia chuma kisiguse chakula. Utando huo lazima uunguzwe wote, nje, mbali na watu, kwa moto mkubwa wa kuni safi, kisha chuma kisuguliwe kwa brashi ya waya hadi kibaki kitupu. Rangi ya nje nayo itaungua yenyewe. Ukitaka lipendeze, paka nje rangi inayostahimili joto, ndani usipake kitu isipokuwa mafuta ya kula.

Ukipata pipa la namna hiyo baadaye, vipimo vyake vimekaa vizuri ajabu. Pipa la lita 200 lina kipenyo cha karibu sentimita 58, kwa hiyo nusu yake ina kina cha sentimita 29. Wavu wa mkaa uweke sentimita 9 kutoka chini, mkaa wenyewe uchukue kama 6, inabaki 14 hadi ukingoni unapolaza wavu wa chakula. Hujapima lolote na tayari uko ndani ya umbali niliokutajia. Nadhani ndiyo sababu nusu pipa limependwa duniani kote. Hata jiko maarufu la mviringo lenye kifuniko lilianza kwa ukataji kama huo: mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers Metal Works cha Chicago, Marekani, alichukua boya la chuma lililokuwa likitengenezwa pale, nusu akaifanya bakuli na nusu kifuniko. Alitaka kuzuia upepo na kudhibiti moto. Leo watu wanalilipia, lakini mwanzo wake ulikuwa chuma kilichokuwa kimelala karakana.

Rafu za friji nazo. Zinang'aa na zina umbo la wavu, najua zinavyovutia. Mng'ao huo ni mpako: nyingine zimepakwa plastiki, nyingine kromu, nyingine zinki, na za zamani huenda zina kadimiamu, ambayo ni sumu. Zilitengenezwa kukaa kwenye baridi. Ukiziweka juu ya makaa mpako unabanduka, unayeyuka au unatoa mvuke, na kwa macho huwezi kujua rafu ipi imepakwa nini. Zinki yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 420, na makaa yaliyopepewa yanapita hapo bila shida. Sisi walehemu tunaijua homa inayotokana na moshi wa zinki. Unarudi nyumbani salama, usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Kwa sababu hiyo hiyo epuka waya wa mabati na bati la kuezekea, ndani ya jiko na juu yake. Aluminiamu pia usiifanye bakuli la mkaa, inayeyuka kwenye nyuzi 660.

Kwa wavu wa chakula nunua chuma cha pua ukimudu, na hapa ndipo ningeweka sehemu kubwa ya fedha yako. Usipomudu, chuma cheusi cha kawaida kisicho na mpako kinafanya kazi vizuri. Nondo laini za milimita 6, zilizopangwa zikiachana sentimita moja hadi moja na nusu na kulehemiwa kwenye fremu, zitadumu miaka. Zisugue kutu, zipashe moto, zipake mafuta ya kula kidogo sana, zirudishe motoni hadi ziache kutoa moshi, urudie mara tatu au nne. Mafuta hugeuka utando mgumu mweusi unaozuia kutu na kunata. Kusafisha usitumie brashi ya waya mkuukuu. Nyuzi zake hukatika, hubaki kwenye wavu, na zimewahi kuishia kwenye koo na tumbo la mlaji. Kipande cha karatasi ya foili kilichofinyangwa au kikwangulio cha chuma kinatosha, wavu ukiwa bado moto.

Sasa ufanye nini wiki hii? Mimi ningekuwa wewe, ningejenga la matofali bila saruji. Matofali ya kuchoma, yale mekundu, yaliyo mazima. Panga kwa umbo la herufi U juu ya udongo mtupu au changarawe, mdomo ukielekea upepo unakotoka kwa kawaida. Safu mbili za kwanza ziwe na mianya ya upana wa vidole viwili kati ya tofali na tofali, hizo ndizo pua za jiko. Juu yake laza wavu mzito wa kubeba mkaa, halafu panda safu tatu nyingine, kwa kuwa tofali nyingi zina unene wa sentimita 6 au 7 na mkaa nao unachukua nafasi yake. Juu kabisa wavu wa chakula. Ukiona nyama inaungua unaongeza safu, ukiona inachelewa unaondoa. Hakuna jiko la dukani la bei yako litakalokupa uhuru huo. Ubaya wake ni kwamba halihamishiki, linakunywa joto mwanzoni kabla halijaanza kurudisha, na mtoto akiegemea tofali ya juu inaweza kuporomoka, kwa hiyo lisipande juu ya magoti.

Usijazie kwa mawe ya mtoni wala matofali ya saruji sehemu inayogusa moto. Jiwe lililokaa majini lina maji kwenye vinyweleo vyake, na maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Yasipopata pa kutokea, jiwe hupasuka na kurusha vipande. Saruji nayo hubanduka kwa sababu hiyo hiyo. Hata matofali ya kuchoma, kama yalikuwa mvuani, yaanze na moto mdogo mara mbili tatu yakauke kabla ya kuyapa moto mkubwa.

Jiko la bati jembamba silidharau. Kama unapanga nyumba na huenda ukahama, ndilo lako. Kabla hujalipa, tikisa miguu, tazama kama lina wavu wa chini na matundu yanayofungika, kisha pima kwa vidole umbali wa wavu wa juu. Kiganja kilichosimamishwa kwa ubavu, vidole vinne pamoja na dole gumba, ni karibu sentimita 10. Kisipopita kati ya makaa yatakapokaa na wavu, liache, au ujue utaunyanyua wavu kwa vipande vya tofali. Bati litapinda na kutu italila mapema kuliko chuma kizito, hilo likubali kabisa. Majivu usiyaache yalale humo usiku wenye unyevu. Majivu yenye maji hula bati haraka. La mtumba lenye chuma kizito, hata likiwa na kutu juu juu, mara nyingi ni nunuo zuri kuliko jipya jembamba. Gonga chini kwa kifundo cha kidole, likilia kwa sauti nzito chukua, likibonyea au ukiona mwanga upande wa pili, mwachie mwenyewe.

Harufu ya mafuta ya taa ilitoka kwa aliyewasha, jiko halina kosa. Mafuta yalizama kwenye mkaa, na chakula kikawekwa kabla hayajaisha kuungua. Petroli usiitumie kamwe, mvuke wake unashika moto kabla kiberiti hakijafika. Na kimiminika chochote kisiongezwe juu ya mkaa ulioanza kuwaka, moto hupanda na mkondo hadi kwenye chupa mkononi. Jitengenezee kopo la kuwashia. Tafuta kopo refu la chuma lililokuwa na chakula, kubwa, ondoa pande zote mbili, toboa matundu mengi kuzunguka chini, na sentimita 8 kutoka chini pitisha nyaya nene za chuma cheusi zikatizane ziwe sakafu. Liunguze tupu kwanza, nje. Halafu chini weka karatasi mbili zilizokunjwa kwa ulegevu, juu jaza mkaa, washa karatasi. Kopo linakuwa dohani: hewa moto inapanda, inavuta hewa mpya kupitia matundu, moto unapanda kipande kwa kipande. Baada ya dakika 15 hadi 20 mkaa wa juu unaanza kuwa wa kijivu. Mwaga kwa koleo na glovu nene ya ngozi. Hakuna harufu, hakuna kupuliza hadi macho yatoke machozi.

Mkaa wenyewe chagua mgumu. Ukigonganisha vipande viwili vilie kama kigae, na ukivunja ndani pawe peusi panapong'aa. Unaotoa moshi mwingi haukuiva tanurini. Ulionyeshewa hupasukapasuka na unatumia joto lake kukausha maji badala ya kuivisha nyama, uhifadhi penye ukavu. Mkaa wa kufinyanga, wa vidonge, una majivu mengi na unachelewa kushika, lakini joto lake ni tulivu na la muda mrefu, na kwa kuku mzima naupenda kuliko wa vipande. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisikaribie jiko.

Kitu kimoja kidogo naomba usikiruke: kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama. Ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na kingekuokoa na ile damu mfupani. Kuku aive hadi nyuzi 74 sehemu nene karibu na mfupa, pasipo kuugusa. Nyama ya kusaga 71. Kipande kizima cha ng'ombe au mbuzi 63, kisha kipumzike dakika 3. Samaki 63. Rangi ya nje inadanganya, hasa juu ya mkaa. Na sahani iliyobeba nyama mbichi isiipokee iliyoiva.

Kuhusu baraza, jibu ni hapana, na hapa sina nafasi ya kukulegezea. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inatoka zaidi pale makaa yanapofifia, wakati unadhani hatari imekwisha. Baraza lenye paa na kuta mbili linaikusanya na kuisukuma ndani kupitia dirisha. Hata kuingiza jiko linalokufa ndani lipashe chumba kumeua familia nzima usingizini. Mvua ikianza, funika jiko kama lina kifuniko, ziba matundu, mmalizie nyama jikoni. Siku zote jiko likae mita 3 au zaidi kutoka ukutani, kutoka kwenye uzio wa miti na kutoka kwenye kamba ya nguo, bila matawi juu yake, na ndoo ya mchanga pembeni. Mafuta yanayowaka yazimwe kwa mchanga au kifuniko, kamwe si kwa maji.

Kuna mahali ambapo maelezo ya kuandikwa hayatoshi. Ukitaka kukata pipa, hata la chakula, mpelekee fundi mwenye karakana na umwambie lilibeba nini. Kama nyumba ni ya kupanga au nyumba zimebanana, muulize mwenye nyumba na ofisi ya zimamoto ya eneo lako kabla hujapanga tofali. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe kwenye hewa safi mara moja na mpelekeni hospitali, hata akisema amepata nafuu. Akiungua, maji baridi ya bomba yapite juu ya jeraha kwa dakika 20, bila barafu, bila dawa ya meno, bila mafuta. Kama ni kubwa kuliko kiganja chake, au ni usoni, mkononi au kwa mtoto mdogo, nendeni kwa daktari.

Siku ya kwanza washa jiko tupu kwa saa nzima, wavu ukiwa mahali pake, uone moshi unaelekea wapi na tofali ipi inacheza. Ukimaliza kuchoma, ziba matundu uache mkaa ujizime wenyewe. Uliobaki utautumia tena. Majivu usiyamwage usiku huo kwenye pipa la taka la plastiki wala kwenye majani makavu, hata yakionekana meupe na baridi, maana ndani hukaa kaa dogo lililolala. Yatie kwenye debe la chuma lenye kifuniko, liweke juu ya udongo mbali na ukuta, na uyamwage siku ya tatu.